Nani Kama Zaïko

Kamatanda yetu, hapa Likasi nchini Kongo, katika miaka ya themanini haikuwa na nafasi kwa kijana asiye na bendi. Ungeweza kukosa viatu, ungeweza kurudia darasa, yote yalisameheka. Lakini ukiulizwa wewe ni wa nani ukajibu kwamba unasikiliza zote, hakuna aliyekuuliza tena jambo la maana. Ulikuwa wa Franco Luambo na OK Jazz, au wa Tabu Ley na Afrisa, au wa Zaïko Langa Langa. Na ukisema Zaïko, ndipo maswali yalipoanza.

Mimi ni wa Zaïko. Nasema ni, sisemi nilikuwa. Wakati ule nilishikilia kwamba ndiyo bendi kubwa kuliko zote zilizopata kupiga muziki katika nchi yetu, na kwa kuwa nchi yetu ndiyo iliyoilisha Afrika muziki wa dansi, msikilizaji na ajimalizie mwenyewe sehemu iliyobaki. Bado nashikilia hivyo. Waliobadilika ni watu wa kubishana nao.

Tulikutana kwa fundi wa redio, kwenye kibanda cha mbao kilichoezekwa mabati makuukuu, ambamo redio za Philips na National zilikaa zimefunguliwa migongo, vumbi jekundu limeganda kwenye nyaya zake, na chuma cha kulehemu kikipashwa ndani ya jiko la makaa kwa sababu umeme haukufika pale, moshi wa risasi ukipanda na kukutana na ile harufu ya asidi ambayo upepo wa jioni uliileta kutoka viwanda vya Shituru, harufu iliyokwaruza koo na ambayo baba zetu walirudi nayo nyumbani ndani ya ovaroli zao. Juu ya bati zilianikwa betri za watu, zipate jua, zitoe nusu saa nyingine ya muziki. Mezani ilikaa kaseti moja isiyouzwa wala kuazimwa, kaseti ya kujaribia. Kila redio iliyopona ilipigiwa hiyo kwanza, na ilikuwa ya Zaïko, maana fundi aliamini kwamba spika inayohimili ngoma ya Zaïko bila kukwaruza haitashindwa na kitu kingine. Mwenye redio alilipa akaondoka. Sisi tulibaki tukibishana mpaka giza.

Leo pale panauzwa mega za simu. Redio ikiharibika, inatupwa.

Mtetezi mkuu wa OK Jazz alikuwa mtu aliyenizidi umri kidogo, nami nikimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Wazazi wake walikuja kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, yeye akazaliwa hapa hapa Likasi, akasoma hapa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa hapa. Aliongea taratibu, kidole kimoja juu, na hakuinua sauti hata siku moja, jambo lililotukera zaidi kuliko kelele. Hoja zake zilipangwa vizuri. OK Jazz ilianza mwaka 1956, kabla ya uhuru, na ilikuwa bado imesimama. Franco alikuwa na kikosi kizima cha tarumbeta na saksofoni, waimbaji wanaopokezana, wapiga gitaa wa kutosha bendi mbili. Zaidi ya hapo Franco alisimulia. Kibao chake "Mario" kilipotoka mwaka 1985, watu wazima walikaa chini wakausikiliza muziki kama wanavyosikiliza kesi ya jirani, na kila mtaa ukajua Mario wake ni nani. "Mdogo yangu," aliniambia, "hao vijana wako wanachezesha miguu. Luambo anaongea na mtu mzima."

Nami nilimjibu kwa tarehe. Zaïko ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969, mkesha wa Krismasi, na walioizaa walikuwa vijana, wengine wakiwa bado na madaftari ya shule. Jossart Nyoka Longo alikuwepo. Papa Wemba, ambaye bado aliitwa Jules Shungu, alikuwepo. Baadaye akaja Evoloko. Hawakuwa na tarumbeta hata moja. Waliyachukua magitaa wakayasogeza mbele kabisa, mahali palipokuwa pa saksofoni wakaiacha solo ya Manuaku Waku ikimbie yenyewe, na nyuma yao ngoma ndogo ya drams ikapigwa kwa mbio isiyokatika, mtindo ambao nchi nzima iliuita cavacha. Mpiga drams wao, Meridjo Belobi, alikuwa akihadithia kwamba mdundo ule aliusikia kwenye magurudumu ya treni. Mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Tulilala na kuamka na mabehewa ya shaba.

Wakati huo sikujua habari za vijana wa Ulaya na Marekani, nimezisoma ukubwani. Ramones walianza New York mwaka 1974, Sex Pistols wakaanza London mwaka uliofuata, na dunia ikaandika vitabu juu ya vijana waliochoshwa na wanamuziki wakubwa, wakashika magitaa bila kuomba ruhusa, wakapiga haraka haraka, wakaita punk. Vizuri. Lakini Kinshasa ilikuwa imeshaona vijana wa namna hiyo miaka kadhaa kabla yao, na wa kwetu walifanya jambo gumu zaidi: waliwakataa wakubwa bila kuutupa uimbaji wao. Sikiliza "Chouchouna" ya Papa Wemba. Sauti zinapanda pamoja kwa upole, zinangojana, halafu magitaa yanafungua mlango na kila kitu kinakimbia. Kukataa na kuheshimu ndani ya wimbo mmoja. Hapo ndipo ukubwa wa Zaïko ulipo kwangu, na sijawahi kusikia bendi nyingine, ya hapa wala ya ng'ambo, iliyoweza hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam watakumbuka kwamba mbio zile ziliwafikia na ninyi. Super Mazembe, waliotoka huku mashariki mwa Kongo wakahamia Nairobi mwaka 1974, walizibeba. Les Mangelepa, waliojitoa kwa Baba Gaston mwaka 1976, walizibeba. Mliocheza cavacha pale River Road mlikuwa mnacheza Zaïko, hata kama jina hilo halikutajwa.

Udhaifu wetu ulikuwa kuvunjika. Yaya aliujua, na aliuweka akiba kwa ajili ya mwisho wa jioni. Mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko, Mavuela na Bozi Boziana walitoka wakaanzisha Isifi Lokole. Isifi nayo ikapasuka ikazaa Yoka Lokole. Februari 1977 Papa Wemba akaanzisha Viva la Musica. Manuaku, solo yetu, akaondoka na kuunda Grand Zaïko Wawa. Mwaka 1981 Evoloko akaja na Langa Langa Stars. Kila pigo lilitufikia kwa kuchelewa, kwani Kinshasa ilikuwa mbali, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, na kaseti nyingi zilipanda mto kwa boti mpaka Ilebo, zikaingia treni, zikashuka Likasi zimekwisha kunakiliwa mara nyingi hata sauti za waimbaji zilionekana kutoka ndani ya gunia, kiasi kwamba wiki nzima tuliweza kusifu mwimbaji ambaye alikuwa ameshahama zamani. Yaya alituacha tumalize sifa zetu. Kisha akauliza, kwa upole wake ule ule: "Sasa hiyo ni bendi au ni stesheni?"

Jibu langu lilikuwa kwamba Nyoka Longo yupo. Aliyebaki ndiye mwenye nyumba. Mwaka 1988 hata jibu hilo lilitikisika, maana Zaïko ilipasuka katikati, upande mmoja Nyoka Longo, upande mwingine Familia Dei na Bimi Ombale wao, na kwa mara ya kwanza watu wa Zaïko pale Kamatanda hatukukaa benchi moja. Nilimfuata Nyoka Longo. Wengine walisusa kunisalimia.

Naomba nisimame kidogo kwa fundi, maana katika ubishi wote ule yeye ndiye aliyekuwa na mgombea wa tatu. Hakuwa wa Franco, hakuwa wa Zaïko. Alisikiliza mpaka tukachoka, akiwa ameinamia redio ya mtu, kisha akasema neno moja: Mwenda. Mwenda wa Bayeke, Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliyepiga gitaa peke yake katika mitaa ya mji huu huu ulipokuwa ukiitwa Jadotville, na ambaye mwaka 1952 Mzungu mmoja wa Afrika Kusini, Hugh Tracey, alimkuta hapa na kumrekodi akiimba "Masanga". Fundi alisema tunapigana kwa ajili ya watu wa Kinshasa wasiojua Likasi iko wapi, wanaotuimbia kwa Lingala ambayo nusu yake tunaibahatisha, ilhali aliyepiga gitaa vizuri kuliko wote alipita barabarani kwetu akiimba Kiswahili. Kisha akaonyesha. Hakuwa na gitaa. Alichukua bisibisi, akaweka kidole gumba na kidole cha shahada juu ya ukingo wa meza, gumba likienda na besi yake, cha shahada kikidonoa sauti ya juu katika mwendo mwingine kabisa, na kwa kitambo kidogo meza ya mbao ilikuwa na watu wawili ndani yake. Tulimheshimu, tukanyamaza, tukarudi kwenye ubishi wetu. Mwenda hakuwa bendi. Na santuri yake hakuna aliyekuwa nayo.

Sasa ninayo. Iko ndani ya simu, pamoja na kila kitu.

Hili ni pato kubwa na sitaki kulipunguza. Nimeisikiliza "Masanga" usiku mzima nikiirudia, gumba na shahada, kama fundi alivyofanya. Vibao vya Zaïko vya miaka ya sabini mwanzoni, ambavyo Kamatanda havikufika hata kwa kaseti ya mkono wa kumi, nimevisikia vyote vikiwa safi, nikasikia besi ambayo zamani niliamini tu kwamba ipo. Nimewaona kwa macho: suruali pana, viatu vya kisigino, Evoloko akiteleza jukwaani kama hakuna sakafu. Kijana wa leo akitaka kujua Zaïko ya 1973 ilikuwaje, haniulizi mimi. Anatazama.

Lakini ubishi ulihitaji watu, na watu wetu walitawanyika kwa namna isiyohusu muziki. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka kule Kolwezi. Gécamines, kampuni ya migodi ambayo katikati ya miaka ya themanini ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, kufikia 1994 haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika. Na katika joto la siasa za mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa Likasi, waliozaliwa hapa na waliokuja, wakubwa kwa watoto, nyumba zao zikachukuliwa, na maelfu yao wakakaa stesheni na kandokando yake, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, chini ya mahema na vitambaa, wakingoja treni za kwenda nchi ambayo wengi wao hawakuwa wameiona.

Yaya alikuwa miongoni mwao. Nilikwenda. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la santuri za OK Jazz, na alikuwa akiziuza moja moja kwa bei ya unga. Nilinunua moja kwa bei aliyotaja. Hatukuzungumza habari za muziki. Watoto wake walikuwa wanakohoa, na mkewe akamwambia aniulize kama kwetu bado kuna chumvi. Nilirudi na chumvi. Siku nyingine nilipokwenda, treni yao ilikuwa imeondoka.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu jambo hilo, isipokuwa hili: waliobaki walikuwa upande wangu wote. Nilishinda. Kibandani pale hakuna aliyesema tena kwamba Zaïko ni stesheni, na sikuona sababu ya kwenda.

Miaka ikaenda. Wadogo zetu walipata ugomvi wao mwaka 1997, Wenge Musica ilipopasuka, huku JB Mpiana, kule Werrason, na kwa muda mitaa ya Likasi ilichangamka tena kwa matusi na mapenzi. Sikuuingilia. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za kuondoka kazini, wakaondoka, na wengi wa rika langu wakarudi ardhini kwa nyundo na koleo, wachimbaji wa kujitegemea, wakibeba magunia ya mawe ya kijani juu ya kinga, yaani baiskeli. Kamatanda ikawa jina la mashimo. Ukimwambia mtu leo kwamba unatoka Kamatanda, anakuuliza bei ya shaba.

Na bado wanabishana, tena kwa moyo. Pale wanapoegesha pikipiki za abiria, vijana wanashindana: Fally Ipupa au Ferre Gola. Ushahidi wao ni namba. Fally ametazamwa mara ngapi, mwaka 2023 amejaza ukumbi wa Paris La Défense Arena, basi, kesi imekwisha kabla mtu hajasimama. Ubishi wetu ulikwenda msimu mzima kwa sababu hakukuwa na namna ya kuumaliza. Ilibidi uushike wimbo kichwani, uuimbe, uigize solo kwa mdomo, na mwenzako aseme si hivyo, ni hivi, naye aimbe. Wao wanabonyeza tu.

Lakini wana kitu tulichokosa. Wasichana wamo. Zamani wanawake walipita mbele ya kibanda na ndoo zao, na tuliokuwa tukipanga orodha ya wakubwa hatukumtaja Abeti Masikini, hatukumtaja Mbilia Bel, ambaye nyumba nzima ya mama yangu ilimjua kwa moyo. Leo mpwa wangu wa kike, anayeuza juisi ya barafu hapo kwenye pikipiki, anawanyamazisha wanaume wazima kwa Mbilia Bel na Tshala Muana, kibao baada ya kibao, mpaka abiria wanakosa mtu wa kuwapeleka. Yaya angempenda. Anainua kidole vile vile.

Nami nikiombwa neno langu, huwapa ukoo. Fally ametoka wapi? Quartier Latin ya Koffi Olomide. Koffi alipitia mikononi mwa nani? Papa Wemba, Viva la Musica. Na Papa Wemba, aliyefia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 maikrofoni ikiwa mbele yake, alitoka wapi? Hata wale wapiga kelele za kuchangamsha, maatalaku, ambao leo hakuna bendi inayopanda jukwaani bila wao, waliingia muziki wa bendi kupitia Zaïko mwanzoni mwa miaka ya themanini, Nono na Bébé, na manyanga yao ya mkebe mtupu wa dawa ya kuua wadudu. Wote waliotoka walibeba moto. Kuvunjika kule, ambako niliona aibu nako kila jioni, ndiko kulikojaza nchi bendi.

Haya yote nimemwandikia Yaya. Yuko Mbuji-Mayi, mzee sasa, macho yamepungua, na mjukuu ndiye aliyenitafuta kwa simu, kwa kuwa babu hakuacha kutaja Kamatanda na mjinga mmoja wa Zaïko. Tunatumiana sauti. UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Desemba 2021, aliniletea ujumbe asubuhi ile ile, taratibu, sauti haijapanda: rumba, mdogo yangu, wamesema rumba, sijasikia wakitaja cavacha. Nilimkumbusha kwamba Franco alifariki mwaka 1989 na OK Jazz haikudumu sana bila yeye, ilhali Zaïko imevuka miaka 50 na Nyoka Longo bado anasimama mbele ya maikrofoni. Stesheni yangu, nikamwambia, bado inafanya kazi.

Amenijibu juzi. Anakubali ukoo wote, Fally, Koffi, Wemba, Zaïko, hana ubishi nao. Anauliza tu kwamba wale watoto wa 1969, kabla hawajashika magitaa, nyumbani kwao redioni walikuwa wakimsikiliza nani.

Ni hoja nzito, na ndivyo alivyokuwa daima. Lakini haitoshi. Kujifunza kwa mtu si kuwa chini yake, na Manuaku hakupiga kama Franco hata kwa dakika moja: Franco anarudia sentensi yake mpaka ikuingie, Manuaku hasemi sentensi ile ile mara mbili. Nimemtumia "Eluzam" yote, na nimemwomba mjukuu asimwachie simu mpaka solo iishe. Akitaka kuendelea baada ya hapo, tuendelee. Niko tayari, na mpwa wangu ameshasema kwamba yeye atakuwa upande wa Yaya.